Shingo ya Kulungu

Enock Simiyu alikuwa amekiri mara tatu, na kila alipokiri Haika alizidi kutomwamini.

Mara ya kwanza alikiri kwa polisi waliomkuta nyumbani kwake, katika kitongoji cha Crystal, akinoa visu vya jikoni. Mara ya pili alikiri kwa Stacy, wakili wake. Ya tatu ilikuwa sasa, Ijumaa asubuhi, katika chumba cha wageni cha jela, mbele ya Haika Materu, mpelelezi wa ofisi ya mawakili wa umma. Kazi ya Haika ilikuwa kutafuta yale ambayo polisi hawakuona haja ya kuyatafuta. Alikuwa mtu wa Rombo, binti wa mchinjaji, na katika miaka sita ya kazi hii alikuwa amesikia maungamo ya kila aina. Anayekiri kweli huwa na haraka ya kuutua mzigo. Enock hakuwa na haraka. Alisema kama mtoto aliyekaririshwa ngonjera ya Krismasi.

"Tuanze tena," Haika alisema. "Ulikaa upande gani?"

"Upande wa bwawa."

"Na Bwana Lundeen, mwenzako wa kuwinda?"

"Yeye alikuwa kwa misonobari. Ni mwendo wa dakika tatu hivi."

"Ukaona nini?"

"Kulungu jike akatoka kwa matete. Nikapiga. Sikujua kuna mtu nyuma yake. Dada, si nimeshasema hii yote?"

Alikuwa ameisema yote, tena vilevile, neno kwa neno. Jumamosi iliyopita, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda, mzee Roy Halvorsen alikutwa amekufa ndani ya matete katika shamba moja lililo mwendo wa saa moja kaskazini ya jiji. Hatua arobaini kutoka alipolala, damu ya kulungu jike ilikuwa imetapakaa majanini. Risasi ilikuwa imempita mnyama ikamwingia mtu, ikagonga mfupa na kuvunjikavunjika, wataalamu wasiweze kusema imetoka katika bunduki ipi. Hata ingekuwa nzima isingesaidia sana, kwa maana bunduki aliyotumia Enock ilikuwa ya kuazima, pacha wa ile ya Lundeen. Lakini sikioni mwa yule jike kulikuwa na lebo ya serikali, ile ambayo mwindaji humfunga mnyama aliyempata, na kwenye lebo kulikuwa na jina la Enock. Polisi hawakutaka zaidi.

Mwendesha mashtaka alikuwa ametoa nafasi hadi Jumatatu saa tatu asubuhi. Enock akikiri kuua kwa uzembe, atafungwa miezi kadhaa. Asipokiri, watasema alikusudia, kwani alikuwa amegombana na marehemu hadharani. Na kwa sheria mpya ya mwaka jana, Stacy alisema, hatia yoyote kati ya hizo mbili ingemfikisha Enock kwenye ndege ya Nairobi, na mkewe na watoto wawili wangemfuata, kwa maana makaratasi yao yote yalining'inia kwenye yake. Hapakuwa na hatia ndogo kwa mtu huyu. Ama hakuua, ama kila walichojenga kimekwisha.

"Jike akaanguka," Haika alisema. "Halafu ukafanya nini?"

"Nikakimbia nikamchinja kabla hajakata roho." Hilo lilimtoka upesi, kwa mara ya kwanza bila kukariri. "Kibudu siwezi kupelekea Philister na watoto. Risasi haichinji. Lazima kisu kipite shingoni damu imwagike, hata kama ni mnyama wa huku."

Haika alifungua jalada lake akatoa picha ya polisi. Jike alikuwa ananing'inia kwa miguu ya nyuma nje ya kituo cha mafuta, pale ambapo wawindaji huandikisha wanyama wao. Tumbo lilikuwa limepasuliwa kuanzia kidari hadi mkiani. Shingo ilikuwa nzima. Yale manyoya meupe ya kooni hayakuwa na hata mkwaruzo.

Aliigeuza picha upande wa Enock.

"Huyu alichinjwa wapi?"

Enock aliitazama, akaisukuma kando.

"Nimechanganyikiwa."

"Enock, mtu anasahau jina la jirani. Hasahau alipopitisha kisu."

"Nimechoka, dada. Ambia Stacy ni-sign hiyo plea Monday, iishe." Akainuka akagonga mlango kumwita askari.

Haika alibaki na ile picha mkononi. Moyo ulimwenda mbio na hakupenda, maana moyo ukienda mbio macho huona yale unayoyataka. Akajilazimisha kurudi mwanzo.

Mwanzo ulikuwa kwenye kanda. Siku kumi kabla ya kifo, maofisa wa wanyamapori wa jimbo waliitisha mkutano mjini Burnsville, wakaurekodi, na Haika alikuwa ameusikiliza mara mbili ndani ya gari lake. Majira mawili ya baridi kali yalikuwa yameua kulungu wengi. Jimbo likapunguza vibali vya kupiga majike na kuvigawa kwa bahati nasibu, na kwa hilo likafanikiwa kumuudhi kila mtu. Halvorsen na chama chake cha wawindaji walitaka jike yeyote asiguswe kwa miaka mitatu. Wakulima walitaka wapigwe zaidi kwa sababu mahindi yao yalikuwa yanaliwa. Maofisa walikaa katikati na michoro yao, wakizomewa kutoka kushoto na kulia.

Enock, aliyekuwa amebahatika kupata kibali cha jike, aliinuka na kusema kwa Kiingereza chake cha Bungoma kwamba jike mwenye njaa atakufa tu mwezi wa pili na mtoto tumboni, basi bora aliwe na watu mwezi wa kumi na moja. Halvorsen akamjibu, "Wewe umekuja juzi. Kesho utamla mama na mtoto wake halafu uhamie kwingine." Ukumbi ukapiga makofi. Kanda ilinasa hata kiti cha Enock kikisogezwa alipotoka.

Baada ya hapo mkulima mmoja alipiga kelele kwamba wa kwanza kupigwa risasi awe Roy mwenyewe. Haika alikuwa amemaliza Jumatano nzima akimfuatilia mkulima huyo, na mwishowe akagundua kwamba Jumamosi ile alikuwa hospitalini amewekewa goti jipya, hata haja ndogo anasaidiwa. Siku nzima ilikuwa imepotelea kwenye goti la mtu.

Sauti ya mwisho kwenye kanda ilikuwa ya Martin Lundeen, makamu mwenyekiti wa chama cha Halvorsen na meneja wa nyumba ya kutunza wazee alikofanya kazi Enock. Ndiye aliyemfundisha Enock kuwinda. "Siku nitakayompiga jike," alisema, "njooni nyumbani kwangu mnivunjie bunduki." Makofi yake yalikuwa marefu kuliko ya Halvorsen.

Haika aliwasha gari akaenda Crystal.

Philister, mke wa Enock, alikuwa ametoka zamu ya usiku na bado alivaa sare ya hospitali. Watoto walikuwa mbele ya televisheni. Aliwaambia waamkie, wakajibu "Hi, auntie" bila kugeuka. Alimkaribisha Haika jikoni, akafunga mlango.

"Dada Haika, nimeambiwa ume-see yeye. Anakula?"

"Anakula kidogo. Philister, nyama ya yule kulungu iko wapi?"

Philister alifungua friza. Ndani kulikuwa na boksi la vifurushi vya karatasi nyeupe.

"Bwana Lundeen alileta Sunday, akasema ni share ya Enock. Nilifungua moja nikafunga. Angalia."

Haika aliangalia. Nyama ilikuwa nyeusi kuelekea bega, na damu iliyoganda ilikuwa imelala kati ya misuli. Nyumbani kwao baba yake angeirudisha bila hata kuigusa.

"Enock hawezi leta kitu kama hii," Philister alisema. "Last year alileta kulungu, nyama ilikuwa clean kabisa. Hii ni kibudu. Sijapikia watoto, na kutupa naogopa, mzungu wa watu asiseme tunamdharau."

"Lundeen alikwambia nini kingine?"

"Nisi-worry. Ati bado ata-push zile papers za green card kazini, bora Enock asigeuke. Kwa sababu Enock alisha-sign pale kwa kituo ya mafuta, na akigeuka sasa itakuwa ame-lie kwa serikali. Hiyo Immigration hawasamehe."

"Asigeuke kuhusu nini?"

Philister alishika ukingo wa sinki. "Hakuniambia. Mimi nilidhani wewe unajua."

"Sijui bado, mdogo wangu. Na Lundeen naye alipata kulungu siku ile?"

"Dume kubwa! Pembe hivi." Alipanua mikono mpaka ikagusa friza na ukuta. "Kila mtu kazini ameona picha. Kichwa amepeleka kwa mama mmoja Frogtown, awekewe kwa ukuta ya office." Kisha akauliza lile alilokuwa amelizungukia tangu mwanzo. "Dada, niambie tu ukweli. Nianze ku-pack?"

"Usifunge hata begi moja," Haika alisema, na akatoka kabla hajaulizwa anajuaje.

Karakana ya Lois, yule mama wa mtaa wa Frogtown, ilikuwa kando ya University Avenue, kati ya duka la tambi na fundi wa matairi. Lois alikuwa bibi wa miaka sabini na ushee aliyekausha na kujaza vichwa vya wanyama tangu mumewe afariki, na alizungumza huku sigara isiyowashwa ikimning'inia mdomoni. Ukutani kulungu zaidi ya thelathini walimkodolea Haika macho ya kioo, na wote walikuwa madume.

"Jike hana ukuta," Lois alisema alipoona anahesabu. "Mimi hupiga jike kila mwaka nikipata kibali. Nyama laini, na msitu unapumua. Hawa wateja wangu wakisikia hunichukia. Wanapiga kelele kwamba wanawaonea huruma akina mama. Huruma gani! Wanataka majike wengi ili wazaliwe madume wengi, basi. Lakini pesa yao naila, kwa hiyo nanyamaza. Umesema unamtafuta nani?"

"Dume wa Martin Lundeen."

Lois alitoa sauti ya kukereka. Alimpeleka nyuma, kwenye meza iliyotandazwa ngozi ya kichwa na shingo, imenyunyiziwa chumvi. Katikati ya koo, kutoka sikio hadi sikio, kulikuwa na mkato mmoja ulionyooka.

Haika aliinama. Kisu kilikuwa kikali na mkono haukusita. Kilikuwa kimepita pale pale ambapo baba yake alikuwa akiwaonyesha vijana wa machinjioni kwa ncha ya kidole.

"Siku mbili za kushona," Lois alisema. "Na bado mshono utaonekana. Miaka thelathini Martin analeta vichwa hapa, hajawahi kuharibu hata unywele. Nilimuuliza, umeingiwa na wazimu? Akasema aliteleza. Huo ni mtelezo, unavyouona?"

"Atakuja kudai ni wewe uliyekata."

"Ajaribu!" Lois alivuta droo. Kila kichwa kilichoingia alikipiga picha ya papo hapo, akaandika chini yake kila kasoro, na mteja akatia sahihi. Alikuwa ameanza utaratibu huo baada ya mteja mmoja kumshtaki kwa sikio lililotobolewa na panya wa mteja mwenyewe. Kwenye picha ya Lundeen aliandika: Shingo imekatwa kabla ya kufika. Chini yake, sahihi.

"Lois, lebo ya huyu dume ni ya Lundeen. Inawezekana akawa amepigwa na mtu mwingine?"

"Inawezekana, na si kosa. Jimbo linaruhusu kundi kuwindiana. Ukiwa na kibali cha jike na mimi sina, naweza kumpiga jike, wewe ukamfunga lebo yako. Nusu ya kulungu wa jimbo hili wana lebo za wajomba."

"Kwa hiyo lebo haisemi nani alipiga."

"Lebo inasema nani ana kibali. Nani alipiga, muulize aliyepiga."

Haika aliomba aazimwe picha ile, akaandika stakabadhi.

Jumamosi saa nane mchana Lundeen alimfungulia mlango nyumbani kwake Burnsville. Alikuwa mtu mpana, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala. Kwenye kochi kulikuwa na hotuba ya mazishi ya Halvorsen, nusu imeandikwa kwa penseli. Haika alimwomba ruhusa ya kurekodi, akakubali. Kinasa sauti kikawekwa juu ya meza kati ya vikombe viwili vya kahawa.

"Nitafanya lolote kumsaidia Enock," Lundeen alisema.

"Asante. Eleza ulikuwa wapi."

"Kwenye misonobari. Yeye alikuwa bwawani. Nilimpiga dume wangu kama saa mbili kasoro. Dakika chache baadaye nikasikia mlio wa Enock upande wa bwawa. Roy hakuwa amepangiwa kukaa kwenye matete, alihama bila kusema. Ni ajali, Bi. Materu. Nimewaambia polisi hivyo hivyo."

"Ulifika bwawani asubuhi ile?"

"Hapana. Sikuondoka kwenye misonobari mpaka dume alipokuwa tayari."

"Mimi sijui kuwinda," Haika alisema. "Dume wa pembe kama zile, mtu mzoefu humtengenezaje?"

Sura ya Lundeen ilipata uhai. Alieleza kwa mikono: unangoja mpaka atulie, unamlaza chali, unaanzia chini ya kidari, unashuka taratibu.

"Na shingo?"

"Shingo huigusi kamwe! Shingo ndiyo picha yote. Hata mtoto wa miaka kumi anajua hilo hapa."

"Miaka thelathini hujawahi kuigusa."

"Sijawahi."

Haika aliiweka picha ya Lois mezani, karibu na kinasa sauti, akasukuma kwa kidole mpaka ikafika mbele yake.

Uso wa Lundeen uliiva, kuanzia ukosi wa shati hadi kwenye kipara. Kama angetulia hata pumzi mbili angekumbuka uongo wake wa kuteleza. Lakini pembe zile alikuwa amezingoja tangu ujana wake, na hasira ilimtangulia.

"Nilimpigia kelele!" alisema. "Nilimwona kwenye darubini ya bunduki anakimbia na kile kisu. Nikasimama katikati ya matete nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, usikate, Enock, usikate! Na yeye akakata!"

Utepe ulikuwa unazunguka.

"Katikati ya matete," Haika alisema. "Ya bwawani."

Lundeen alikitazama kinasa sauti lakini hakukigusa.

"Kelele zangu ndizo zilizomshtua yule jike," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini kabisa. "Alirukia mbele yangu. Mkono ulipiga wenyewe. Nikasema Mungu wangu, nimepiga jike, Roy akijua itakuwaje? Enock alikuwa na kibali. Tukabadilishana lebo, jike akawa wake na dume akawa wangu, ni halali. Nilimwambia tu asimwambie Roy." Akajifuta uso. "Nilikaa saa nne nzima nikiwaza jinsi ya kumficha Roy. Na Roy yuko pale pale, mbele yangu, kwenye majani."

"Na alipopatikana?"

"Enock alikuwa ameshawaambia polisi jike ni wake. Sikumlazimisha. Nilimwomba asigeuke, aseme ni yeye aliyekaa bwawani."

"Ulimwomba huku umeshika makaratasi yake," Haika alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda na hakuijali. Alimwonea huruma mtu huyu na alitamani kumzaba kibao, vyote kwa pamoja. Akazima mashine, akaivunja ile pini ya kanda isije ikafutwa, akampigia Stacy kwa simu ya Lundeen mwenyewe.

Jumapili baada ya saa za ibada walimruhusu kuingia jela na kinasa sauti. Stacy alikuwa ameshazungumza na mwendesha mashtaka; Jumatatu hapangekuwa na kitu cha kutia sahihi. Haika alimwambia Enock hilo kwanza. Kisha akamwelewesha kuhusu zile lebo: kubadilishana hakukuwa kosa, na uongo aliowaambia polisi Stacy angeuzungumzia, lakini kwa uongo ule hakuna aliyekufa. Enock alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya mwingine.

"Nisikie mwenyewe," alisema.

Haika alibonyeza. Sauti ya Lundeen ikajaa chumba kile kidogo: usikate, Enock, usikate. Enock aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza.

"Nilimsikia," alisema. "Ilikuwa mbali, maneno sikushika. Nilidhani ananishangilia. Mnyama wangu wa kwanza mwenye pembe." Mabega yakaanza kumtikisika. "Nikampungia kisu, dada. Nikamwambia asante."